Ukishuka Dodoma Umefika Wapi? Makao Makuu ya Tanzania na Mitaa Yake

Ubishi kuhusu mji mkuu wa Tanzania haujaisha, ingawa uamuzi wenyewe umetimiza zaidi ya miaka hamsini. Wapo wanaoshikilia kuwa ni Dar es Salaam, kwa sababu ndivyo walivyosoma na ndiko iliko bandari na balozi nyingi. Wapo wanaokubali kuwa ni Dodoma lakini wakaongeza kwamba ni "kwenye makaratasi tu". Na yupo mtu wa tatu asiye na muda wa ubishi, kwa kuwa ana barua mkononi inayomtaka afike wizarani, Dodoma, Jumatatu saa mbili asubuhi. Huyu hupanda basi Dar es Salaam, akasinzia baada ya Gairo, akashuka stendi kuu na kumuuliza dereva wa bajaji wizarani ni wapi, naye akajibiwa kwamba amepitiliza: basi lilipita Mtumba, uliko Mji wa Serikali, kabla ya kufika stendi, na sasa inabidi arudi njia ile ile aliyojia. Makala hii imeandikwa zaidi kwa ajili yake, ingawa wale wawili wa mwanzo nao watapata majibu humo humo.

Tuanze na maneno, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kuyachanganya. Makao makuu ya nchi, au mji mkuu, ni mahali panapotambuliwa rasmi kuwa ndipo yanapokaa mamlaka ya nchi. Jiji ni jambo jingine kabisa. Ni hadhi ya serikali ya mtaa iliyo juu ya manispaa na halmashauri ya mji, na nchi inaweza kuwa na majiji kadhaa, kama ilivyo Tanzania yenye Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma yenyewe. Mkoa nao ni eneo la utawala lenye wilaya ndani yake. Dodoma ni vyote vitatu kwa jina moja. Mkoa wa Dodoma, uliokuwa na watu 3,085,625 katika sensa ya mwaka 2022, unashika kuanzia Kondoa na Chemba hadi Kongwa na Mpwapwa, wakati Jiji la Dodoma, lililokuwa na watu 765,179 katika sensa hiyo hiyo, ni halmashauri moja tu ndani ya mkoa huo. Kwa hiyo ndugu yako anayekupigia simu kusema ameshaingia Dodoma anaweza kuwa ndiyo kwanza anapita Kibaigwa, na bado ana safari ya saa nzima na ushee mbele yake.

Jibu fupi la ubishi ni kwamba makao makuu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni Dodoma, na tangu mwaka 2018 jambo hilo limo katika sheria iliyopitishwa na Bunge, siyo katika tamko la chama wala hotuba ya kiongozi. Dar es Salaam imebaki kuwa jiji kubwa kuliko yote nchini na kitovu cha biashara. Zanzibar, yenye Serikali yake ya Mapinduzi, ina makao yake Unguja, na hilo halipunguzi wala kuongeza kitu katika hadhi ya Dodoma. Jibu refu ndilo lenye manufaa kwa mgeni, kwa sababu linaeleza ni kwa nini mji huu umekaa ulivyokaa.

Uamuzi mmoja, uhamisho wa vipande vipande

Vijana wengi wanaamini kwamba wazo la Dodoma lilikuwa la Rais John Magufuli. Siyo kweli. Chama cha TANU, chini ya Mwalimu Julius Nyerere, kiliamua mwaka 1973 kuhamisha makao makuu kutoka Dar es Salaam, baada ya suala hilo kupelekwa kwa wanachama matawini. Hoja zilikuwa za kueleweka: Dodoma iko karibu na katikati ya nchi, reli ya kati inapita hapo, na barabara inayounganisha kaskazini na kusini mwa nchi inakutana hapo na ile inayotoka pwani kwenda bara. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wa Dodoma hadi leo huiita CDA tu, ikapewa kazi ya kupanga na kujenga mji mpya katika muda wa miaka kumi. Mpango mkuu wa kwanza, uliochorwa na kampuni ya Kanada, ulikamilika mwaka 1976.

Miaka kumi haikutosha. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha, uchumi ukayumba, na wizara zikabaki pwani. Kilichofuata kinafanana na namna Watanzania wengi wanavyojenga nyumba zao: msingi unawekwa mwaka ambao fedha ipo, ukuta unasimama miaka mitano baadaye, bati linangoja bonasi, na wakati huo huo familia imeshahamia katika chumba kilichokamilika. Chama cha Mapinduzi kiliweka makao yake makuu Dodoma mapema. Bunge likawa linafanyia mikutano yake hapa kuanzia miaka ya 1990, na mwaka 2006 likaingia katika ukumbi wake wa sasa. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kikaanzishwa mwaka 2007. Serikali yenyewe ilisubiri hadi Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza katika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa kwamba itahamia Dodoma kabla ya mwaka 2020; Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo, Makamu wa Rais akafuata mwaka 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Katikati ya hayo, CDA ikavunjwa Mei 2017, na tarehe 26 Aprili 2018, katika sherehe za Muungano, Dodoma ikapandishwa kutoka manispaa kuwa jiji. Jengo jipya la Ikulu ya Chamwino lilizinduliwa Mei 2023, na mwaka 2025 Mahakama ya Tanzania nayo ikazindua jengo la makao yake makuu.

Nimeorodhesha miaka hiyo kwa sababu moja. Kila kipande kilichohamia kilikuja na eneo lake, na kila eneo lilichaguliwa na watu tofauti wenye fikra tofauti kuhusu mji mkuu unavyopaswa kuwa. Ndiyo maana Dodoma haina mahali pamoja ambapo mgeni anaweza kusimama na kuona Bunge, Ikulu, wizara na soko kwa wakati mmoja, na ndiyo maana swali la kuuliza kabla ya kusafiri siyo "Dodoma ni wapi", bali Dodoma ipi: ya reli, ya CDA, au ya Barabara ya Dar es Salaam.

Dodoma ya reli

Mji wa zamani, ambao wenyeji wanauita "mjini" hata wanapokuwa ndani ya mipaka ya jiji, ulikua kandokando ya stesheni ya reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ni mdogo, mtu mwenye afya anaweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja. Hapa ndipo ulipo uwanja wa kupumzikia wa Nyerere Square wenye sanamu ya Mwalimu, yalipo makanisa makuu ya Kianglikana, Kikatoliki na Kilutheri, na ulipo Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010 kwa ufadhili wa Libya, ambao ni mkubwa kiasi kwamba wageni huutumia kujua wako upande gani wa mji.

Mitaa ya eneo hili inabeba ramani ya ukoloni katika majina yake. Uzunguni na Uhindini ni majina yanayojieleza yenyewe, na yanapatikana katika miji mingi ya Tanzania, kwa kuwa utawala wa kikoloni uligawa makazi kwa rangi: Wazungu penye nafasi na miti, Wahindi penye maduka, na Waafrika pale palipobaki. Majengo, lenye soko ambalo bado ndilo kimbilio la wanaotafuta mahitaji ya jikoni kwa bei ya kueleweka, ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Waswahili. Chang'ombe, iliyo pembeni kidogo, ilikua bila kupangwa, na CDA ilihangaika nayo kwa miaka mingi. Kikuyu, upande wa kusini wa mji, haina uhusiano na ugomvi wowote wa siasa za Kenya, na mgeni kutoka Nairobi anayeambiwa apande daladala ya Kikuyu hana sababu ya kushtuka; ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, katika majengo yaliyokuwa ya Shule ya Sekondari ya Mazengo.

Kwa anayekuja kwa shughuli za mkoa, hii ndiyo Dodoma yake. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji wanaiita "General", iko hapa, na isichanganywe na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo huko UDOM. Wagonjwa wenye barua za rufaa wamepoteza asubuhi nzima kwa kwenda kwenye hospitali isiyo yao. Isichanganywe pia na Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ambayo imewafanya Watanzania wa mikoa mingine wafanye mzaha kwamba anayetumwa Dodoma ametumwa kutibiwa kichwa. Mzaha huo ulikuwa mwingi zaidi siku ambazo watumishi wa umma walikuwa hawataki kuhamishwa kutoka Dar es Salaam, na umepungua tangu wenyewe walipoanza kununua viwanja.

Dodoma ya CDA

Kipande cha pili ndicho kinachowachanganya wageni kwa majina yake: Area A, Area C, Area D. Hayo ni mabaki ya ramani za wapangaji. CDA ilipoanza kazi iliyaandika maeneo mapya kwa herufi, bila shaka ikidhani majina ya kudumu yatakuja baadaye. Watu wakahamia, daladala zikaanza kuitana kwa herufi hizo, na jambo likaishia hapo. Area D na Mlimwa ni maeneo ya nyumba za watumishi na viongozi, yenye barabara pana na ukimya wa kutosha. Kisasa ilikuja baadaye, pamoja na sehemu inayoitwa Nyumba Mia Tatu kwa sababu ya idadi ya nyumba zilizojengwa na Serikali hapo. Ilazo, Ipagala, Njedengwa na Iyumbu ni maeneo ambayo mtu aliyeondoka Dodoma mwaka 2010 akirudi leo hatayatambua, kwa jinsi yalivyojaa nyumba mpya.

Wapangaji wa mwaka 1976 hawakutaka mji wa maghorofa yaliyobanana. Walichora jamii ndogo ndogo, kila moja ikiwa na shule, soko na viwanja vyake, zikitenganishwa na maeneo ya wazi na kuunganishwa na njia za miguu na za mabasi, kwa kufuata fikra za Ujamaa za wakati ule. Kwa maoni yangu ulikuwa mchoro mzuri uliokosa sehemu yake muhimu kuliko zote, yaani mabasi. Nafasi kati ya eneo na eneo zilibaki, usafiri wa umma wa kuziunganisha haukuja kwa kiwango kilichotarajiwa, na matokeo yake ni mji ambao kwa mwenye gari ni raha tupu na kwa asiye nalo ni mahesabu ya bajaji.

Jambo jingine kuhusu CDA linafaa kujulikana na yeyote anayefikiria kununua kiwanja. Mamlaka hiyo ndiyo iliyoshika ardhi yote ya makao makuu, na wananchi walipewa hati za upangaji za miaka 33, tofauti na miji mingine ambako hati ya miaka 99 ni jambo la kawaida. Migogoro ilikuwa mingi: mwenye shamba la urithi aliyekuta limepimwa viwanja, kiwanja kimoja chenye wenye nacho wawili, nyumba zilizobomolewa kwa kuwa zilikuwa nje ya mpango. Ilipovunjwa mwaka 2017, kazi na ardhi yake vilihamishiwa kwa halmashauri, na agizo likatolewa kwamba hati ziwe za miaka 99. Muuzaji anayekuonesha karatasi ya CDA leo hakuibii lazima, lakini safari yako ya kwanza iwe idara ya ardhi ya Jiji kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Dodoma ya Barabara ya Dar es Salaam

Kipande cha tatu siyo mtaa, ni barabara. Ukitoka mjini kuelekea mashariki kwa Barabara ya Dar es Salaam, unalipita Bunge, unafika Nzuguni penye viwanja vya maonesho ya Nanenane, stendi kuu ya mabasi ya mikoani na Soko la Job Ndugai, unaendelea hadi Ihumwa, na kilomita takriban 17 kutoka katikati ya mji unafika Mtumba, ulipo Mji wa Serikali. Ukizidi kwenda, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, uko wilaya nyingine, Chamwino, na huko ndiko iliko Ikulu. Kwa lugha nyepesi, mamlaka za nchi zimepangwa kando ya barabara moja, na anayetoka Dar es Salaam hukutana nazo kwa mpangilio wa kinyume.

Mtumba ndipo barua nyingi za wito zinapopeleka watu. Wizara zilianza hapo katika majengo madogo yaliyojengwa kwa miezi michache na kuzinduliwa Aprili 2019, kisha yakafuata maghorofa makubwa. Lakini kabla ya hapo, katika miaka ile ya mwanzo ya kuhamia, wizara kadhaa zilipewa hifadhi katika majengo ya UDOM, na nyingine zikapanga mjini. Anwani hizo za mpito zimebaki katika barua za zamani, katika tovuti ambazo hazijafanyiwa marekebisho na katika vichwa vya watu. Mwenyeji anayekuelekeza UDOM kwa uhakika kabisa hakudanganyi. Anakueleza hali ya mwaka 2017. Piga simu ya ofisi husika na uulize swali moja: mpo Mtumba au mjini? Zipo taasisi na wakala ambazo ofisi zake ziko mjini ingawa wizara zinazozisimamia ziko Mtumba.

Mtumba bado ni mji wa saa za kazi. Asubuhi magari yanaingia kwa foleni, mchana watu wanakula, na ikifika jioni watumishi wanarudi Kisasa, Ilazo na kwingineko. Anayedhani atafika usiku na kupata pa kulala pembeni ya wizara ajiandae kuvunjika moyo. Chumba kitafutwe mjini au katika maeneo ya kati, kisha asubuhi mtu aamke mapema. Hesabu yake ya nauli ni rahisi: daladala kwanza, bajaji kwa umbali mdogo wa mwisho, na bodaboda pale tu muda unapokuwa umekwisha, maana barabara hiyo ina malori ya masafa marefu.

Tumalize suala la Chamwino, kwa sababu linawagharimu watu fedha. Zipo Chamwino mbili. Moja ni kata ndani ya mji, jirani na Chang'ombe, yenye nyumba za kawaida za watu wa kawaida. Nyingine ni ile ya wilayani, ambako Nyerere alijenga makazi na kushiriki maisha ya kijiji cha Ujamaa katika miaka ya 1970, na ambako Ikulu ya sasa imesimama. Wengi huitofautisha kwa kuiita Chamwino Ikulu. Dereva wa bajaji anayekutajia nauli inayokushtua unapomwambia "Chamwino" huenda amefikiria ile ya mbali, na anayekutajia nauli inayokufurahisha mno huenda amefikiria ile ya karibu. Ongeza neno moja, na mwelewane kabla hajawasha injini. Kuna mtego wa aina hiyo pia kwa abiria wa mabasi: mkoa wa Dodoma una Chalinze yake, kando ya barabara hiyo hiyo, na siyo Chalinze ya Pwani.

UDOM, iliyo kusini-mashariki ya mji, ni kama mji wa nne. Eneo lake ni kubwa kiasi kwamba kutoka ndaki moja, yaani kitengo kikubwa cha masomo, hadi nyingine ni safari ya gari, na mzazi anayempeleka mwanawe mwaka wa kwanza anapaswa kujua jina la ndaki, siyo jina la chuo peke yake.

Barabara tatu zilizobaki hazina haja ya maelezo marefu. Ya Arusha inakwenda kaskazini kupitia Miyuji na Veyula hadi Msalato, penye mnada wa Jumamosi unaojaa watu kwa ajili ya mifugo na, kusema kweli, kwa ajili ya nyama choma. Ya Singida inatoka magharibi kupitia Kizota na Nala, na ndiyo njia ya mabasi ya Mwanza na Kigoma. Ya Iringa inashuka kusini hadi Mpunguzi, mojawapo ya sehemu za mashamba ya zabibu.

Jangwa, baridi na msimu wa Bunge

Watu wa pwani wanapenda kusema Dodoma ni jangwa. Ni nusu jangwa, na tofauti ina maana. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani wa mwaka haizidi sana milimita 550 hadi 600. Miezi inayobaki ni vumbi, upepo na anga kavu. Wagogo, wenyeji wa eneo hili, wamejenga kilimo chao kwa kuijua hali hiyo: uwele na mtama vinavyovumilia ukame, mlenda unaokaushwa na kuhifadhiwa, ng'ombe, na ubuyu unaookotwa chini ya mibuyu iliyotapakaa kila upande. Zabibu nazo hupenda hali hii, na Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Msimu ukifika utaziona zikiuzwa kando ya barabara kwenye beseni, na wauzaji wazuri watakuonjesha kabla hujatoa fedha.

Maji ya jiji kwa miaka mingi yametegemea visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Chanzo hicho kilitosha mji mdogo; kwa jiji ambalo watu wake walikaribia kuongezeka maradufu kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 kimeelemewa, na mgao ni jambo la kawaida katika baadhi ya maeneo. Anayepanga nyumba aulize siku za maji za mtaa huo na aangalie ukubwa wa tenki kabla ya kuangalia rangi ya vigae.

Dhana nyingine potofu ni joto. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, lakini usiku wa Juni na Julai unahitaji sweta, na mgeni wa kutoka Tanga au Mombasa aliyekuja na mashati mepesi ataikumbuka safari hiyo. Kwa bahati mbaya, mwanzo wa baridi hiyo unagongana na Bunge la Bajeti, linaloanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Wabunge, watendaji, wanahabari, wadau na wapiga debe wa kila aina humiminika, vyumba vinajaa na bei hupanda. Mwenye shughuli isiyohusu Bunge asogeze safari yake hadi Julai katikati, na akishindwa, aweke nafasi wiki kadhaa kabla.

Kufika kumekuwa rahisi kuliko ilivyokuwa. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, na safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi sasa ni ya saa tatu na nusu hadi nne hivi. Angalizo ni lile lile: stesheni hiyo siyo ile ya zamani iliyoko mjini, kwa hiyo anayekuja kukupokea mwambie ni treni ipi. Ndege zimekuwa zikitua katika uwanja ulio katikati kabisa ya makazi, karibu kiasi cha mtu kutembea hadi mjini, wakati uwanja mkubwa wa kimataifa unajengwa Msalato. Barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, imechorwa ili malori ya Mwanza, Rwanda na Burundi yasilazimike kupita mjini, nayo inagusa maeneo kama Nala, Ihumwa na Mtumba ambayo bei za viwanja vyake zilianza kupanda kabla ya lami kumwagwa.

Kuhusu anwani, zoezi la kitaifa la mwaka 2022 lilizipa nyumba namba na barabara majina, na vibao vipo. Dereva wa bajaji, hata hivyo, bado atakuuliza ni karibu na nini. Mwombe mwenyeji wako akutumie namba ya nyumba, na hapo hapo akutajie shule, msikiti, kanisa au kipilefti kilicho jirani, pamoja na barabara kuu mojawapo kati ya zile nne.